MAISHA YA SEYYID BARGHASH BIN SAID: KIJANA MUASI ALIYEKUJA KUWA MJENZI

Mtu atokaye Magomeni akavuka bonde la Jangwani, akapita Kariakoo na kuteremka mpaka ufukoni mwa bandari ya Dar es Salaam, hukuta hapo nyumba moja ya mawe, kongwe, yenye kuta nene na mlango wa nakshi, iitwayo Boma la Kale. Nyumba hiyo ilijengwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, yapata mwaka wa 1866, iwe ya kuwakirimia wageni wake katika mji mpya aliokuwa akiuanzisha. Na ng'ambo ya bahari, katika mji wa Unguja, liko jumba kubwa kuliko yote ya mji ule, Bait al-Ajaib, lililojengwa katika mwaka wa 1883 na Seyyid Barghash bin Said, ndugu yake huyo Majid kwa baba.

Watu wa Dar es Salaam humkumbuka Majid, na ni haki yao, kwa kuwa mji ni wake. Barghash hawana sababu kubwa ya kumshukuru, kama itakavyoonekana mbele. Lakini katika ndugu hao wawili, aliyekuwa na mkono wa kujenga ni Barghash, na ajabu ya khabari yake ni kwamba ujana wake wote ulikuwa wa fitina na uasi, na jengo la kwanza ambalo jina lake linatajwa nalo ni nyumba iliyobomolewa kwa mizinga kwa sababu yake.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1837, katika wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika sharia mwana wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni mwana huru sawa na mwenziwe, na wana wote wa Seyyid Said walikuwa hivyo, kwa hivyo hapana aliyeweza kumpita mwenziwe kwa upande wa mama. Jambo hili lilikuwa kheri katika nyumba wakati baba yu hai. Baba alipokwisha kufa likawa mlango wa fitina, maana kila mwana aliona kwamba kiti ni chake kama kilivyo cha nduguye.

Barghash alikuwa kijana wa akili nyingi na hasira nyingi. Hakupenda kuamrishwa, wala hakuwa na ulimi mlaini kwa ndugu zake. Dada yake Salme, aliyeandika baadaye kitabu cha maisha yake, amemsifu kwa ushujaa na akamlaumu kwa kiburi. Na huyo ndiye aliyempenda akamtumikia, basi waliomchukia wangesema nini?

Katika mwaka wa 1856 Seyyid Said alikuwa akirudi kutoka Maskati katika merikebu yake iitwayo Victoria, na Barghash alikuwa pamoja naye. Wakati merikebu iko baharini upande wa visiwa vya Shelisheli, Seyyid Said akafariki, tarehe 19 Oktoba, sawa na mwezi wa Safar 1273. Barghash hakutaka maiti azikwe baharini. Aliichukua mpaka Unguja, akashuka usiku kwa siri, akamzika baba yake kabla mji haujapata khabari. Usiku ule ule akajaribu kuishika Ngome na kuizunguka nyumba ya Majid. Lakini askari wa Kibaluchi waliokuwa wakilinda Ngome hawakumkubali. Kulipokucha, Majid ndiye aliyekuwa mtawala wa Unguja, na Barghash alikuwa kijana wa miaka kama 19 aliyekwisha kuonyesha moyo wake kwa watu wote. Majid akamwacha. Wako wasemao kwamba huo ulikuwa udhaifu. Majid alikuwa mtu mpole, mwenye maradhi ya kifafa, na huenda alidhani kwamba ndugu hurudi.

Hakurudi. Kwa miaka 3 nyumba ya Barghash ilikuwa baraza ya kila mwenye kinyongo. Wakubwa wa Kiharithi, kabila lililokuwako Unguja zamani kabla ya Albusaidi kuhamia huko, wakiongozwa na Abdallah bin Salim, wakawa upande wake. Dada zake wawili, Khole na Salme, wakaingia katika shauri hilo. Salme alikuwa msichana wa miaka 15, lakini alijua kuandika, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wasichana wa zamani zile, maana alijifunza mwenyewe kwa siri. Basi akawa karani wa waasi. Barua zilizokwenda kwa wakubwa wa mashamba kuomba bunduki na watu zilitoka katika mkono wa mtoto huyo, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba barua hizo zilimwachia majuto ya maisha yake yote.

Mwaka wa 1859 siri ikafichuka. Majid akaizungusha nyumba ya Barghash askari, chakula na maji visiingie. Ndipo Khole na Salme walipotoka usiku na wanawake wengi wamejifunika, wakawapita walinzi kwa maneno makali, kwa kuwa hapana askari aliyethubutu kumzuia binti wa Seyyid Said, wakaingia ndani, wakamtia Barghash katika mavazi ya kike, wakatoka naye katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisitambulike. Nduguye mdogo, Abdulaziz, alikuwa pamoja naye. Wakafika shambani, katika nyumba iitwayo Marseilles.

Yafaa kusimama kidogo katika nyumba hiyo. Ilikuwa mali ya marehemu Khalid bin Said, mwana mwingine wa Seyyid Said, aliyewapenda Wafaransa hata akaipa shamba yake jina la mji wao. Baada ya kufa kwake ilikuwa ya binti zake. Ilikuwa nyumba nzuri mno, yenye vyumba vikubwa na mapambo ya gharama. Waasi wakaigeuza ngome: wakatoboa matundu ya bunduki katika kuta, wakaziba madirisha, wakajaza vyakula na baruti katika vyumba vya kulala. Majid akaja na jeshi lake, na baharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Assaye wakaja na mzinga kumsaidia, kwa shauri la balozi wao Rigby. Nyumba ikapigwa. Watu wengi wakafa, wa pande mbili, na wengi wao walikuwa watumwa na wafuasi wasiokuwa na fungu lolote katika urithi uliokuwa ukigombewa. Usiku Barghash akakimbia akarudi mjini. Asubuhi walioshambulia waliingia katika nyumba tupu iliyokwisha haribika.

Akajificha katika nyumba yake ya mjini. Siku chache baadaye akajulikana, Rigby akapeleka askari wa Kiingereza mlangoni, risasi zikapigwa, na Barghash akajitoa. Akaapishwa kutii, kisha akatiwa katika manowari ile ile, pamoja na Abdulaziz, akapelekwa Bombay. Alikuwa na umri wa miaka kama 22. Dada zake walibaki Unguja, watu wakiwaepuka. Salme akapatana baadaye na Majid, na kwa hivyo Barghash hakumsamehe.

Bombay ya mwaka wa 1859 haikuwa mahali pa adhabu tu. Serikali ya Kiingereza ilimpa posho na nyumba, naye hakuwa na kazi yoyote. Hapana jeshi la kupanga, wala barua za siri, wala nduguye wa kugombana naye. Alikuwa na macho tu. Na mji aliotupwa ulikuwa katika miaka ile ile ukijengwa upya. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kuanza kwenda tangu mwaka wa 1853, kutoka Bombay mpaka Thana. Nje ya mji, katika bonde la Vihar, lilikuwa limezibwa ziwa, na katika mwaka wa 1860, Barghash akiwa huko, maji yake yakaletwa mjini kwa mabomba ya chuma, mji uliokuwa ukinywa maji ya visima na vidimbwi. Aliona majumba ya ghorofa nyingi yenye roshani za chuma, aliona bandari na maghala.

Kwa muda wa miaka 2 hivi alikaa huko. Mtu akiyatazama mambo aliyoyafanya Unguja miaka 20 baadaye, maji ya mabomba, njia ya chuma, nguzo za chuma, merikebu za moshi za kwenda Bombay, haoni jambo kubwa hata moja ambalo mfano wake haukuwako katika mji ule aliofungwa. Chuo cha ujenzi hakuingia. Chuo chake kilikuwa uhamisho.

Aliporuhusiwa kurudi alikaa kimya. Miaka kama 9 ilipita bila ya neno lake kusikika. Katika miaka hiyo Majid alianza mji wake wa bara, karibu na kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam, akajenga jumba, na nyumba za mawe, na njia pana ya ufukoni, na katika mwaka wa 1867 akafanya karamu kubwa huko akiwaalika mabalozi wa mataifa. Kisha tarehe 7 Oktoba 1870, sawa na Rajab 1287, Majid akafariki, hana mwana wa kiume. Barghash akakalia kiti bila ya kupiga bunduki hata moja.

Hapa ndipo watu wa Dar es Salaam wanapokuwa na madai yao. Barghash aliuacha mji wa nduguye. Kazi ikasimama, nyumba ambazo hazijaezekwa zikaota miti ndani, na wengi waliohamia wakarudi kwao. Wengine husema ilikuwa chuki ya zamani. Huenda ilikuwamo, kwani hakuwa mtu wa kusahau. Lakini hesabu ya fedha nayo yatosha kuwa sababu, kama litakavyodhihirika sasa hivi. Na tangu mwaka wa 1877 aliwaruhusu Waingereza kina Mackinnon kuchonga njia kutoka Dar es Salaam kwenda bara upande wa ziwa la Nyasa. Ilifika maili kama 70 na kitu, ikaachwa mwaka wa 1881. Kwa hiyo haikuwa kwamba alitaka mji ule ufe kabisa.

Utawala wake ulianza katika misiba. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuwaua watu wengi mno wa Unguja katika miaka ya 1869 na 1870. Kisha mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ikapiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu na minazi, ikavunja merikebu bandarini, na zile za Sultani pia. Pemba ilisalimika zaidi, na karafuu zake ndizo zilizoiokoa hazina baadaye. Na kabla mwaka mmoja haujapita, akaja Sir Bartle Frere, ametumwa na Waingereza, kutaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Huyu Frere ndiye aliyekuwa gavana wa Bombay baada ya Barghash kuondoka huko, na katika zamani zake kuta za ngome ya mji ule zilibomolewa mji upanuke. Barghash alikataa. Mwisho, kwa kutishwa na Balozi Kirk kwamba kisiwa kitazungukwa na manowari, akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Ni lazima isemwe wazi, kwa kuwa wengi wamsifuo kwa majumba yake huliruka jambo hili: alitia sahihi kwa kulazimishwa. Na mashamba ya karafuu yaliyolipia majumba yake yalilimwa na watumwa hata baada ya mkataba huo, kwa kuwa utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja mpaka 1897, naye amekwisha kufa. Mawe ya Bait al-Ajaib yana hesabu hiyo ndani yake.

Katika mwaka wa 1875 alisafiri kwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa bandari na viwanda, akapita Ufaransa na Misri katika kurudi. Safari hiyo iliandikwa kwa Kiarabu na kuchapwa. Watu wengi huhesabu kwamba hapo ndipo alipopata hamu ya kujenga. Lakini hamu alikwenda nayo. Alichokiona Ulaya ni jinsi chuma kinavyoweza kuchukua uzito ambao mti hauchukui.

Jambo hili lafaa kuelezwa, maana ndilo siri ya jumba lake. Nyumba ya mawe ya pwani yetu hujengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe huchomwa kwa kuni mpaka yawe chokaa, chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae, kisha kuta hupandishwa nene. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa, ikapigwa na watu wengi kwa vipande vya miti siku nyingi mpaka sakafu ishikamane. Boriti ya mkoko haiozi upesi wala hailiwi na mchwa kwa urahisi, ila ni fupi: chumba hakiwezi kupita upana wa kama futi 9. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba kama njia. Tajiri na maskini mwenye nyumba ya mawe walikuwa na upana mmoja wa chumba, kwa amri ya mkoko.

Barghash alitaka kuitoka amri hiyo. Alipojenga Bait al-Ajaib katika mwaka wa 1883, mahali palipokuwa zamani na jumba la Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, aliagiza nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, na mchoro wasema watu kuwa ulitolewa na mhandisi Mwingereza wa merikebu. Basi fundi wa merikebu na mwashi wa chokaa wakakutana katika kazi moja. Kuta zilibaki za matumbawe, na boriti hazikuachwa kabisa. Lakini katikati pakawekwa ukumbi mpana uliofunikwa, ghorofa zikauzunguka, na nje roshani za ngazi 3 zikasimama juu ya nguzo za chuma nyembamba, zikizunguka jumba lote, upepo wa bahari ukipita kila pembe na jua lisiguse kuta. Milango ilichorwa na mafundi wa nakshi wa Unguja, maandiko matukufu yakatiwa dhahabu. Sakafu zikatandikwa marumaru. Hili ndilo jumba la kwanza la Unguja kuwashwa taa za umeme, na kutokana na mambo hayo watu wakaliita Nyumba ya Maajabu. Barazani husimuliwa pia kwamba mlango mkubwa ulipimwa kwa upana wa tembo apite na mtu juu yake. Ni hadithi nzuri, na tembo mwenyewe hajapata kuonekana.

Hakukaa humo kwa kulala. Lilikuwa jumba la baraza na sherehe. Watu wa nyumba yake walikaa katika majumba ya jirani, Bait al-Hukm na Bait al-Sahil, na njia za juu ziliunganisha jumba na jumba ili wanawake wapite bila ya kuonekana na watu wa ufukoni. Nje ya mji upande wa kaskazini alijenga Maruhubi, katika miaka ya 1880 hata 1882, na upande wa kusini Chukwani, mahali penye upepo mzuri kwa mgonjwa. Kwenda Chukwani aliweka njia ya chuma ya maili 7, kwanza magari yakivutwa na nyumbu, kisha akaagiza Uingereza gari dogo la moshi. Hilo lilikuwa anasa, na hapana haja ya kulitetea.

Lakini maji hayakuwa anasa. Mji wa Unguja ulikuwa ukinywa visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya nyumba, karibu na makaro na makaburi, na kipindupindu kilichokuja mara 2 katika miaka 12 kilipita katika visima hivyo, ingawa siku zile watu wengi hawakujua. Barghash akaenda katika chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini mwa mji, akayafunga maji yake, akayaleta kwa mfereji na mabomba njia ya pwani, mpaka mjini, yakatekwa na watu wote. Ni kazi ile ile ya Vihar, kwa kipimo cha Unguja. Wanawake na watumwa waliokuwa wakitembea na mitungi tangu alfajiri waliipata kheri hiyo kabla ya wakubwa. Mwenye kumpima Barghash kwa Bait al-Ajaib peke yake hupima kwa kilichong'ara. Kazi yake kubwa ilikuwa chini ya ardhi.

Kwa kuwa maji yalikuwapo, akamwita fundi wa Kishirazi, Haji Gulamhussein, amjengee mji hamamu ya namna ya Kiajemi, yenye vyumba vya baridi na vya moto, majukwaa ya kukalia, birika, na mapaa ya mviringo yenye matundu ya nuru. Ilifunguliwa kwa watu, na mtaa ukaitwa Hamamni mpaka leo, ingawa moto wake ulizimwa yapata mwaka wa 1920. Vilevile alinunua merikebu za moshi za kubeba biashara baina ya Unguja na Bombay, na yapata mwaka wa 1880 akaweka mtambo wa kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu, uliotoa vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi. Wanavyuoni wa pwani wanaokumbuka jambo hilo kwa shukrani hukumbuka na la pili: Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani na Barghash kwa sababu ya mambo ya madhehebu, asitoke mpaka Sultani alipokufa. Hasira ya ujana haikumtoka. Ilipata kazi nyingine tu, na siku ambazo haikuwa na kazi iliwarudia watu.

Dada yake pia aliiona. Salme alikuwa ametoroka Unguja katika mwaka wa 1866 na kuolewa na Mjarumani, akabadili dini na jina. Katika mwaka wa 1885 alirudi ndani ya merikebu ya Kijarumani, mjane mwenye watoto, akidai urithi wake. Manowari za Kijarumani zilikuwa zimekuja bandarini mwezi ule ule wa Agosti kumlazimisha Barghash aache nchi za bara ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba. Kutoka roshani za Bait al-Ajaib merikebu zote hizo zilionekana dhahiri. Karani aliyeandika barua za uasi wa 1859 alikuwa katika mojawapo, na Barghash hakukubali kumwona.

Katika mwaka wa 1886 Waingereza na Wajarumani wakakata mpaka wao kwa wao, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Aliyekuwa akihesabiwa bwana wa nchi mpaka maziwa makuu alibaki na majumba na ufuko. Afya yake ilikwisha vunjika. Mwanzoni mwa mwaka wa 1888 alisafiri kwenda Omani kutafuta nafuu, akarudi mahututi, akafariki Unguja tarehe 27 Machi 1888, sawa na Rajab 1305, mwezi ule ule wa Hijra aliokufa Majid. Akazikwa katika makaburi ya ukoo, karibu na Bait al-Sahil, pamoja na baba yake na nduguye aliyemwasi. Kiti kikarithiwa na ndugu mwingine, Seyyid Khalifa.

Njia ya chuma ya Chukwani iling'olewa alipokwisha kufa. Tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiotimia saa moja, manowari za Kiingereza zilipiga majumba ya Forodhani kwa sababu ya Seyyid Khalid, mwana wa Barghash, aliyekalia kiti bila ya idhini yao. Bait al-Hukm ikateketea, mnara wa taa uliokuwa mbele ukavunjika, lakini Bait al-Ajaib ilisimama kwa chuma chake, na mnara mpya ukaunganishwa na jumba lenyewe. Maruhubi iliungua mwaka wa 1899, zikabaki nguzo zisizochukua kitu. Tangu 1911 Bait al-Ajaib ilikuwa ofisi za serikali, baadaye ikawa makumbusho. Chuma kilichomtoa Barghash katika amri ya mkoko kiliingia kutu kwa hewa ya chumvi, na matengenezo hayakuwa ya kila mwaka. Katika 2012 sehemu ya roshani ikaanguka, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, mnara na upande wa mbele ulioelekea bahari ukaporomoka, watu 2 wakafa.

Nyumba ya wageni ya Majid, ya matumbawe na chokaa na boriti fupi, ambayo Barghash hakuongeza jiwe, ingali imesimama ufukoni mwa Dar es Salaam.